Acha kulaumu kamera, hesabu hatua: uzi wa wanaopiga picha za mwezi

MtuWaKigamboni

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwezi ukifika siku ya kumi na nne magrupu ya WhatsApp yanajaa picha ileile: giza tupu, katikati kidoa cheupe kama taa ya banda la kuku, na chini yake mtu kaandika "oneni mwezi ulivyo mkubwa leo". Nimetuma picha za namna hiyo miaka mingi, kwa hiyo simcheki mtu. Naandika zaidi kwa wenye kamera za kubadilisha lenzi, lakini wa simu msikimbie, tutafika kwenu.

Kwanza ule weupe. Kamera inaona giza limejaa kwenye picha, inaacha shata, kile kipazia cha kupitisha mwanga, wazi muda mrefu ili usiku uonekane. Kumbe mwezi hauna habari na usiku wetu. Ule ni mwamba unaopigwa na jua, jua hilihili linalokuchoma Kariakoo saa saba mchana. Upige kama unavyopiga kitu kilichoanikwa juani, madoa na mashimo yake yatatokea. Wazee wa filamu walikuwa na kanuni yao: weka f/11 (hilo ni tundu la lenzi), halafu spidi ya shata ilingane na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. ISO 100, shata 1/100 ya sekunde. ISO 200, shata 1/200. Mimi kwenye f/8 huanza na ISO 100 na 1/200, kila kitu nakipanga kwa mkono, otomatiki nimezima.

Hapo ni mwezi mpevu uliopanda juu. Ukiwa nusu usidhani mwanga nao ni nusu. Unatoa kama sehemu moja ya kumi tu ya mwanga wa mpevu, kwa hiyo shuka hadi 1/60 au 1/50. Ukiwa ndiyo kwanza unachomoza baharini, mwekundu kama embe, hewa ya chini imeshameza mwanga mwingi, hapo hata 1/30 sawa. Piga, tazama kioo, rekebisha. Filamu hainunuliwi.

Sasa ukubwa, ndiko hasa nilikotaka kufika. Nyosha mkono, kunja vidole, bakiza kidole kidogo. Ukucha wake unaufunika mwezi na nafasi inabaki. Mwezi una upana wa nusu digrii tu angani, uwe upeoni au utosini. Ule ukubwa tunaouona unapochomoza ni macho yanatudanganya. Kwenye kamera hesabu ni nyepesi: gawa milimita za lenzi yako kwa 110, unapata upana wa mwezi kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Lenzi ya 55 inakupa nusu milimita, punje. Ya 300 inakupa kama milimita 2.7. Ndiyo maana ile lenzi ndogo iliyokuja na kamera haitakupa mwezi hata uilaani.

Na 110 hiyohiyo ndiyo inayopanga picha yenye mtu, mnara au jahazi. Kitu chochote ukikisogelea hadi umbali wa mara 110 ya urefu wake, kinalingana na mwezi. Mtu wa mita 1.7 mweke mita 187 kutoka kwako, mwezi ukija nyuma yake unamwenea kichwa hadi miguu. Tanga la mita 8, kaa mita 880. Mwezi huwezi kuukuza. Unachoweza ni kurudi nyuma hadi vitu vya duniani vipungue, kisha uvute vyote pamoja kwa lenzi ndefu. Picha ile unaipiga kwa miguu.

Uzi tayari, karibuni.

SimuTu

Nimekaa paleee, nasubiri sehemu ya simu.

Mkorofi_77

Mbwembwe zote za nini? Simu yangu nazumu mara 100, natoa mwezi una mashimo yote. Sibebi tripodi, sihesabu hatua.

MtuWaKigamboni

Mkorofi, nilijua utafika. Mwaka 2023 kuna jamaa kwenye mtandao wa Reddit alichukua picha ya mwezi, akaipunguza hadi pikseli 170 kwa 170, akaivuruga ikawa ukungu mtupu, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta. Akazima taa, akasimama mbali, akaipiga kwa Galaxy S23 Ultra. Simu ikamtolea mwezi wenye mashimo ambayo kwenye ile picha hayakuwepo kabisa. Samsung wenyewe walieleza kwamba simu ikishatambua kuwa huo ni mwezi, akili bandia inaongeza undani. Sikukatazi kuitumia. Ila ujue hapo simu inakumbuka mwezi, haiutazami.

Mkorofi_77

Kwani mwezi una sura ngapi? Si ni uleule tangu babu zetu.

MtuWaKigamboni

Hapo umenibana kidogo, nakubali. Upande tunaouona ni mmoja. Lakini kivuli hakikai mahali pamoja siku mbili.

BintiJambiani

Asalaam alaikum. Nimesoma hayo mambo ya kumsimamisha mtu mita 187. Swali, ulimsimamisha wapi, na maji yalikuwaje?

MtuWaKigamboni

Waalaikum salaam dada. Nilitaka kuificha hii.

Mwaka jana nilipanga kumpiga kijana wangu mwezi ukichomoza nyuma yake, ufuko wa Kigamboni. Asubuhi saa nne nikaenda kukagua. Fungu safi la mchanga, kavu, nikahesabu hatua, nikachomeka kijiti. Simu ikanionyesha mwezi utatokea kulekule kwenye kijiti. Nikarudi nyumbani nafsi imetulia.

Jioni saa kumi na mbili tunafika, fungu halipo. Kijiti hakionekani. Pale pa kusimama kijana maji ya shingo.

BintiJambiani

Wallahi nimecheka hadi mama kaja kuniuliza. Mtoto wa pwani gani asiyejua bamvua?

Sikiliza kaka. Mwezi mpevu na bamvua, yale maji ya kujaa sana na kupwa sana, havitengani, jua na mwezi siku hizo vinavuta maji kwenye mstari mmoja. Na huku kwetu siku za bamvua maji hujaa mida ya saa kumi, saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa mida ya saa nne. Wewe umekwenda kukagua saa nne asubuhi, maji yamekwenda zake kabisa. Mwezi unachomoza wakati wa magharibi, jua likizama, maji ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Mvuvi yeyote angekwambia bure.

Ukitaka mwamba mkavu na mwezi mpevu chini upeoni, utasubiri sana. Hivyo viwili havikutani huku. Bora upange maji yawe sehemu ya picha, ngalawa iliyofungwa ikielea. Huku mashariki ya Unguja, Paje, Jambiani, Matemwe, mwezi unatoka baharini moja kwa moja, na ngalawa zimejipanga mbele yako kama umeziagiza.

MtuWaKigamboni

Tangu siku hiyo jedwali la maji nalifungua kabla ya programu ya mwezi. Asante kwa kunivua nguo hadharani.

JiraniWaNgong

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo, nawasoma kutoka Nairobi. Yenu ni maji, yangu yalikuwa mlima.

Nilipiga hesabu kama yako. KICC, lile jumba la mikutano katikati ya Nairobi, ina urefu wa mita 105. Kutoka milima ya Ngong hadi pale mjini ni kama kilomita 23 kwa mstari ulionyooka. Gawa kwa 110, kwa umbali huo mwezi unafunika zaidi ya mita 200, yaani mara mbili ya KICC! Nikaona hii itaenda kalenda. Mwezi mpevu wa Desemba huchomoza kaskazini-mashariki, na kutoka Ngong mji uko hukohuko. Kila kitu kiliingiana kwenye ramani.

Nikapanda na tripodi mgongoni, upepo wa kule mnaujua. Mwezi ukatoka, mkubwa, mzuri, mwelekeo uleule. Lakini ulitoka juu ya upeo, na KICC ilikuwa chini. Katikati yao kulikuwa na utepe wa nchi ambao mwezi mzima ungeingia na nafasi ikabaki. Nilisahau kwamba nimesimama mita 2,400 na ushee juu ya bahari, na kilele cha lile jengo hakifiki 1,800. Ukisimama juu kuliko jengo unaliangalia utosini. Huwezi kuliona likikata anga.

MtuWaKigamboni

Hii ni dhahabu. Ramani bapa haina mlima. Ili jengo likate mwezi, jicho lako liwe chini ya kilele chake. Umeshapata sehemu nyingine?

JiraniWaNgong

Nawaza kugeuza kibao. Nishuke upande wa mashariki, kuelekea Embakasi, ambako nchi iko chini, nipige mwezi ukizama alfajiri badala ya ukichomoza. Ni kama kilomita 10, mwezi utafunika mita 90 hivi, unakaribia urefu wa jengo. Wasiwasi wangu ni miinuko ya Kikuyu huko nyuma, isije ikaumeza mwezi kabla haujafika kwenye paa. Nitaenda kwanza mikono mitupu.

MjukuuWaLindi

Mimi niko Uingereza mwaka wa sita. Mnaongea mwezi unachomoza kwenye kijiti, kwenye paa, kama lifti. Huku hauendi hivyo. Unatoka pale halafu unateleza kulia, dakika ishirini baadaye uko mbali na mnara uliokuwa umeupigia hesabu. Nilikosa mara mbili kabla sijaelewa. Huko nyumbani, karibu na Ikweta, unapanda karibu wima, mna bahati na hamuijui.

Na ule mwezi mwandamo! Huku hilali inasimama, kama herufi C iliyogeuzwa. Kwetu inalala chali kama mtumbwi, pembe zote mbili juu. Nikiiona kwenye picha ya mtu ameipiga Lindi naijua bila kuambiwa.

BintiJambiani

Hiyo ya mwandamo tuiongee. Siku ya pili, ya tatu ya mwezi, ukiangalia vizuri unaona duara zima, ile sehemu ya giza imefifia kama majivu. Inapigikaje?

MtuWaKigamboni

Kile kijivu ni mwanga wa dunia yetu. Jua linatupiga sisi, sisi tunaurudishia mwezi. Kukipata unafanya kinyume cha yote niliyoandika juu: shata sekunde moja au mbili, ISO 400 hadi 800, ule utepe mwembamba unaachwa uungue. Tripodi lazima. Tena usizidi sana, kwa sababu mwezi haujatulia. Unahama upana wake wote kwa dakika mbili tu. Kwa lenzi ya 300 kwenye kamera ya megapikseli 24 yenye sensa ndogo, nilipiga hesabu nikapata pikseli kama 6 kila sekunde. Sekunde moja utavumilia, sekunde nne ni uji.

Wengi walikwama hapo kwenye kupatwa kwa mwezi tarehe 7 Septemba 2025, ule uliokuwa mwekundu mzima kuanzia saa 2 na nusu usiku hadi saa 4 kasoro. Watu walibaki na 1/200 yao, wakapata picha nyeusi, wakasema kamera imekufa. Ukiwa ndani ya kivuli cha dunia mwezi unafifia maelfu ya mara. Mimi nilikuwa ISO 1600, f/5.6, sekunde moja, na bado nilitamani zaidi.

SimuTu

Mkuu, sisi wa simu bado tuko paleee.

MtuWaKigamboni

Samahani mkuu, haya. Gusa mwezi kwenye kioo, kandamiza hadi ikuonyeshe imefunga, kisha buruta kidole chini mwanga upungue hadi uone madoa. Ukikuta sehemu ya kitaalamu kwenye kamera ya simu: ISO 50 au 100, shata 1/125, fokasi mbali kabisa. Egemeza simu kwenye ukuta au mfuko wa mchele, tumia saa ya kuhesabu sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Usikuze kwa vidole kupita pale lenzi zenyewe zinapoishia. Baada ya hapo ni kukata picha tu, utaikata mwenyewe nyumbani. Na kama jirani ana darubini, hata ya kuangalizia ndege, weka jicho la simu kwenye tundu lake. Utashangaa.

Lakini uwanja wenu hasa ni mandhari. Siku moja kabla ya mpevu mwezi unachomoza jua halijazama. Anga bado bluu, nyumba zinaonekana, mwezi hauwaki kupita kiasi, simu inaweza kubeba vyote viwili. Siku ya mpevu yenyewe kwetu giza linaanguka kama pazia, una robo saa hivi ya mwanga unaolingana, basi. Ndiyo maana mimi siku ya kumi na nne hukaa nyumbani nikala ubwabwa. Ya kumi na tatu ndiyo naenda kazini.

SimuTu

Hii ya siku moja kabla sikuwahi kuisikia popote. Nashukuru sana.

FundiLenzi

Naongezea machache, nimetengeneza kamera za watu miaka mingi.

Alama ya mwisho wa mbali kwenye lenzi msiiamini, nyingi zinapita. Washa kioo cha nyuma, kuza hadi uone ukingo wa mwezi, zungusha fokasi kwa mkono hadi ukingo ukate kama wembe. Kizuia mtikisiko kwenye lenzi kizime ukishaweka tripodi, chenyewe kinaweza kuitikisa picha. Na chumvi! Ukitoka ufukweni futa lenzi siku ileile. Naletewa vioo vimeota ukungu ndani, mwenyewe anaapa kamera haijawahi kuguswa na maji.

Anayetaka mashimo ya mwezi yatoke kama ya vitabuni asipige picha moja. Apige video ya dakika moja mwezi ukiwa juu, aingize kwenye AutoStakkert, ni programu ya bure, inachagua fremu zilizotulia na kuzilaza pamoja. Hewa inachemka juu yetu, fremu moja imetulia, tisa zinacheza. Mtu wa mjini asipige juu ya mapaa ya zege mapema usiku, yale yanaendelea kutema joto la mchana. Utadhani mwezi uko chini ya maji.

Asipige mpevu kwa kazi hiyo pia. Mpevu jua linaupiga usoni, hakuna vivuli, umekaa bapa kama chapati. Apige siku ya saba, ya nane. Pale mchana na usiku wa mwezi vinapokutana kila shimo lina kivuli chake. Lile shimo kubwa la Copernicus subiri siku ya tisa au ya kumi hivi, ndipo jua linaifikia.

Mkorofi_77

Na huyu mwezi mkubwa wanaotangaza kila mwaka redioni?

FundiLenzi

Ukiwa karibu kabisa nasi unazidi ule wa mbali kabisa kwa asilimia 14 upana. Viweke pembeni utaona tofauti. Kwa ule wa kawaida ni kama asilimia 7, na hiyo huioni kwa jicho. Redio zina vipindi vya kujaza.

JiraniWaNgong

Askari nao muwataje. Tripodi usiku inafanana na kitu kingine kabisa kwa mbali. Mimi hujitambulisha kabla sijafungua begi, namwonyesha mwezi kwenye kioo, tunakuwa marafiki.

MtuWaKigamboni

Kweli kabisa. Dar pia, kaa mbali na Ikulu, bandari na kambi, na darajani usisimame na mitambo bila kuuliza. Nilishawahi kuelekeza lenzi upande usiofaa, nikakosa mwezi nikielezea mwezi ni nini.

Sasa wakuu, nina la kuwaambia, andikeni. Tarehe 28 Agosti 2026 mwezi unapatwa tena, si wote, lakini kivuli kitafunika zaidi ya asilimia 90 ya upana wake kilele kikifika. Sisi kilele hatutakiona, mwezi utakuwa umezama. Tutaona mwanzo: kivuli kinauma saa 11 na dakika 34 alfajiri, na mwezi unazama mida ya saa 12 na nusu kasoro, umeshaliwa karibu nusu. Unazama magharibi, umeinama kidogo kusini. Anga inapambazuka, yaani ile bluu niliyomwambia SimuTu, upande wa pili wa usiku.

Sasa nani ana bahari upande wa magharibi?

BintiJambiani

Mji Mkongwe! Shangani hadi Forodhani, bahari yote iko magharibi. Na ni bamvua, kwa hiyo maji yatakuwa bado juu, yanaanza kutoka, majahazi yote yanaelea. Hakuna kijiti kitakachozama.

Agosti bado kipupwe, mvua si kawaida. Upepo wa kusi utakuwepo, mje na kitu cha kuning'iniza kwenye tripodi. Mfuko wa mchanga unatosha, mchanga tunao.

MtuWaKigamboni

Tanga la mita 8, mita 880. Dada, majahazi yanatia nanga umbali gani kutoka ukutani?

BintiJambiani

Mengine karibu zaidi ya hapo, mengine mbali. Nitaenda kutazama wiki moja kabla, nikuletee jibu. Saa kumi na moja alfajiri nitatazama, si saa nne.

MtuWaKigamboni

Nimestahili.

SimuTu

Nauli ya boti naanza kuweka leo. Tunavuka jioni ya kuamkia siku hiyo tulale huko, au tunavuka alfajiri yenyewe?

BintiJambiani

Jioni ya kuamkia. Hakuna boti ya abiria itakayowafikisha saa kumi na moja alfajiri. Chai na mandazi juu yangu.

Mkorofi_77

Nakuja. Na simu yangu.